Mnyama mwenye tanga si dinosaria, na jiwe la jirani si mnyama

*Swali:* "Mwanangu anasoma darasa la sita ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi. Ana wanyama wa plastiki waliokuja ndani ya mfuko mmoja ulioandikwa dinosaria, na anayempenda kuliko wote ni yule mwenye kitu kama tanga mgongoni. Mwalimu aliwaambia wachore dinosaria. Mtoto akachora huyo, akapewa sifuri. Mwalimu alisema huyo si dinosaria, eti ni jamaa yetu sisi watu kuliko alivyo jamaa ya mjusi. Papa yake alikasirika sana, anasema hakulipa minerval ili mtoto afundishwe kwamba tumetoka kwa mijusi. Sasa kuna jirani anayechimba upande wa Likasi, ana jiwe lenye mistari iliyosimama kama mifupa ya tanga hilo. Anataka dola 150, na mtoto analilia tulinunue. Nani ana haki? Na jiwe je?"

*Jibu:*

Mama, naona maswali yako ni matatu, na nadhani linalokunyima usingizi si lile la mnyama. Ni kwamba mwalimu na papa ya mtoto wanavutana, mtoto yuko katikati, na dola 150 ziko mlangoni. Nitajibu yote, lakini nianze na mnyama, maana ukishamwelewa yeye, ugomvi wa nyumbani unapungua wenyewe.

Mwalimu amesema kweli. Mnyama huyo anaitwa Dimetrodon, na hajawahi kuwa dinosaria. Waliokosea ni waliomtia kwenye mfuko ule, nao si wa kwanza: miaka nenda rudi amekuwa akichorwa na kuuzwa pamoja na dinosaria kwa sababu ni mkubwa, ana meno, anatisha, na alikufa zamani. Lakini papa ya mtoto naye ana sehemu yake ya haki, ingawa kwa njia asiyoitazamia. Hakuna mtaalamu anayesema tumetoka kwa mijusi. Elimu yenyewe inakataa hilo, na Dimetrodon ni mmoja wa mashahidi wazuri wa kulikataa.

Tuanze na umri. Dimetrodon aliishi kati ya miaka milioni 295 na 272 hivi iliyopita, mwanzoni mwa kipindi kinachoitwa Permi. Dinosaria wa kale tunaowajua vizuri wana miaka milioni 230 hivi. Maana yake Dimetrodon wa mwisho alikuwa amegeuka jiwe kwa zaidi ya miaka milioni 40 kabla dinosaria hajakanyaga ardhi. Yule Tyrannosaurus wa kwenye sinema, ambaye bila shaka naye yumo ndani ya mfuko wa mwanao, ana miaka milioni 68 hadi 66. Ukihesabu, Tyrannosaurus yuko karibu zaidi na sisi tunaoandikiana leo kuliko alivyo karibu na Dimetrodon.

Hata hivyo umri peke yake hautoshi. Mamba na kobe waliishi pamoja na dinosaria na hakuna anayewaita dinosaria. Jambo linaloamua liko kwenye fuvu.

Mwambie mtoto aweke vidole kwenye panja zake, pale kati ya jicho na sikio, halafu atafune muhindi wa kuchoma. Atasikia msuli unatuna na kulegea. Msuli huo unaanzia ubavuni mwa fuvu, unapita ndani ya tao la mfupa wa shavu, unakwenda kushika taya la chini. Nafasi hiyo unapopita ni urithi wa zamani sana. Wanyama waliojifunza kutaga yai lenye maji yake ndani, lisilohitaji mto wala ziwa, waligawanyika mapema, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakawa matawi mawili. Tawi moja lilikuwa na tundu moja tu kila upande wa fuvu, chini, nyuma ya jicho. Hao ni sinapsida, jina walilopewa na Mmarekani Henry Fairfield Osborn mwaka 1903. Tawi la pili, sauropsida, ndilo lililowaleta mijusi, nyoka, kobe, mamba, dinosaria na ndege. Wengi wao walipata matundu mawili kila upande, ingawa kobe leo hana hata moja, na nyoka amepoteza mifupa iliyokuwa inayazunguka.

Dimetrodon ana tundu moja. Wewe pia, mama, na mbuzi, na popo, na tembo. Mjusi wa ukutani kwako yuko tawi la pili, pamoja na kuku. Kwa hiyo aliyesema "tumetoka kwa mijusi" anaruka kutoka tawi moja kwenda jingine. Mjusi na sisi tumesafiri njia mbili tofauti kwa muda uleule. Katika vitabu vya zamani, hata vile tulivyosomea baadhi yetu, utakuta Dimetrodon na wenzake wanaitwa reptilia wanaofanana na mamalia. Wataalamu wengi wameacha jina hilo, kwa kuwa linawaweka upande ambao hawakuwahi kuwa.

Na papa ya mtoto akiuliza, "Basi huyo wa tanga ndiye babu yetu?", jibu ni hapana. Ni ndugu ya babu. Alikuwa na nyumba yake na watoto wake, ukoo wake ukastawi, ukaisha. Ukoo ulioendelea hadi kufikia mamalia ni wa jirani yake wa karibu, terapsida. Ndugu ya babu hakukuzaa, lakini ukitazama picha yake unaona pua ya nyumbani.

Hiyo "pua ya nyumbani" iko mahali pawili hasa. Kwanza ni meno. Mjusi wa kawaida ana meno yanayofanana kutoka mbele hadi nyuma. Dimetrodon alikuwa na meno ya kukata mbele, kisha marefu ya kuchoma mfano wa chonge, kisha mengine nyuma. Mwaka 2014 Kirstin Brink na Robert Reisz walionyesha kwamba spishi kubwa, Dimetrodon grandis, ilikuwa na vimeno vidogo vya kweli kwenye kingo za kila jino, vya kukatia nyama, na kwamba kati ya wanyama wa nchi kavu tunaowajua hakuna aliyekuwa navyo kabla yake.

Pili ni taya, na hapa naomba subira kidogo, maana kwangu hii ndiyo habari tamu kuliko tanga. Taya letu la chini ni mfupa mmoja kila upande. La Dimetrodon lilikuwa mifupa kadhaa iliyoungana. Nyuma ya taya hilo palikuwa na mfupa wenye ubamba mwembamba uliojitenga kidogo na taya. Ukifuata visukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) vya terapsida, halafu vya wadogo waliokuja baadaye, unaona mfupa wenye meno unakua, ile ya nyuma inasinyaa na kusogea, mpaka inaachana kabisa na taya. Haikupotea. Mmoja ukawa kifupa cha ndani ya sikio, nyundo; mfupa wa fuvu uliokuwa ukiungana nao kwenye bawaba ya taya ukawa fuawe; na ule wenye ubamba ukawa pete inayoshikilia ngoma ya sikio. Mjerumani Karl Reichert aliona dalili ya jambo hili kwenye viinitete tangu 1837, kabla hata Dimetrodon hajapewa jina. Mawe yalikuja baadaye kusema neno lilelile.

Umeona sijataja tanga bado. Nimefanya kusudi, kwa sababu tanga ndilo linalodanganya. Kuna mnyama anayeitwa Sphenacodon, aliyepewa jina na mtaalamu wa visukuku Othniel Marsh mwaka 1878, mwaka uleule mshindani wake mkubwa Edward Cope alipompa jina Dimetrodon kutokana na mifupa ya Texas. Fuvu la Sphenacodon linakaribia sana kufanana na la Dimetrodon, ni jamaa wa karibu kabisa, lakini miiba ya mgongo wake ni mifupi, hana tanga la kusifia. Kisha kuna Edaphosaurus, aliyeishi zama hizo na mara nyingine maeneo hayohayo. Yeye alikuwa na tanga kubwa, miiba yake ina vijiti vya kukingama, lakini kichwa chake kilikuwa kidogo na meno yake ni ya kusaga majani. Wote ni sinapsida, ila maoni ya wengi ni kwamba kila ukoo ulijiotea tanga lake. Palikuwa pia na amfibia mwenye tanga, Platyhystrix. Baadaye sana, jamaa wa mamba huko Ujerumani, Ctenosauriscus, naye akaota lake. Hata dinosaria wa kweli walikuwa nalo: Spinosaurus wa Misri, aliyeelezwa na Ernst Stromer mwaka 1915 na mifupa yake ya kwanza ikaharibiwa na mabomu mjini Munich mwaka 1944, na Ouranosaurus wa Niger. Mwanao akitaka kumridhisha mwalimu bila kuacha tanga, amchore mmoja wa hao wawili. Ni dinosaria, ni Waafrika, na hakuna wa kumkata.

Tanga hilo liliwapotosha wakubwa pia. Cope alipoona vile vijiti vya kukingama kwenye miiba, alifikiria kwamba huenda mnyama alisafiri nalo juu ya maziwa upepo ukivuma. Sijui alikuwa anatania kiasi gani. Kundi hilo la wenye vijiti, ambalo leo linahesabiwa kuwa Edaphosaurus, aliliita Naosaurus, na kwa kuwa vichwa vilikuwa haba, mwaka 1907 makumbusho ya New York yalisimamisha mifupa ya Naosaurus yenye kichwa cha Dimetrodon: mla majani amebebeshwa kichwa cha mla nyama. Tanga liliwafanya waonekane ni mmoja. Ilichukua miaka kutenganisha, na kazi kubwa ya kupanga ukoo huu wote ilikuja na Alfred Romer na Llewellyn Price mwaka 1940.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Mwaka 1845, watu waliokuwa wanachimba kisima katika kisiwa cha Prince Edward, Kanada, walipata kipande cha taya chenye meno. Joseph Leidy alikieleza katika miaka ya 1850, akadhani ni taya la chini, akakiita Bathygnathus, na kwa muda mrefu kikahesabiwa kuwa dinosaria wa kwanza kupatikana Kanada. Kumbe ni taya la juu, na si dinosaria. Mwaka 2015 kikundi cha Brink kilipiga picha za ndani ya meno yale, kikakuta ni ya Dimetrodon. Kwa hiyo taya la Dimetrodon lilikuwa mikononi mwa watu zaidi ya miaka 30 kabla Cope hajatoa jina, na ilihitaji miaka 170 kulitambua. Mwanao amekosea kwa siku moja. Si vibaya.

Tanga lilikuwa la kazi gani, basi? Watoto huuliza, na jibu la kweli halijafungwa. Wazo lililotawala kwa miaka mingi ni la joto: asubuhi anageuza ubavu kwa jua, damu inapita kwenye tanga, anaamka mapema kuliko mawindo yake. Mwaka 1973 watafiti Bramwell na Fellgett walipiga hesabu kwamba mnyama wa kilo 200 angepanda kutoka digrii 26 hadi 32 kwa dakika 80 akiwa na tanga, na dakika 205 bila tanga. Hesabu nzuri. Shida ni kwamba wadogo nao walikuwa nalo. Dimetrodon teutonis wa Ujerumani, aliyetangazwa mwaka 2001, ni mdogo sana, na mwili mdogo unapata joto haraka hata bila msaada. Tena waliochunguza mifupa ya miiba hiyo kwa darubini hawakukuta dalili nzuri kwamba ule mfereji ulio kando ya mwiba ulibeba mishipa mikubwa ya damu. Waliona pia kwamba ncha za baadhi ya miiba zimepinda hovyo, kana kwamba ngozi haikufika hadi juu. Kwa upande mwingine, tanga lilikua kwa kasi kuliko mwili wenyewe kadiri mnyama alivyokuwa mkubwa, na hiyo kwa kawaida ni alama ya pambo: la kutafuta mwenza, la kumtisha mpinzani. Mimi naegemea upande wa pambo, na sioni ubaya pambo likipata jua kidogo pia. Ila mtu akikwambia kwa uhakika kamili, mwulize amejuaje.

Sasa tuje kwenye jiwe, maana hapo kuna fedha.

Mifupa ya Dimetrodon imepatikana Amerika ya Kaskazini, hasa kwenye mawe mekundu ya Texas karibu na mji wa Seymour, na Ujerumani. Wakati huo mabara yalikuwa yameshikana, na sehemu hizo zilikuwa karibu na ikweta, zenye joto na mito. Sisi huku tulikuwa mbali kusini. Mawe ya Lukuga, upande wa Kalemie, yana takataka zilizoachwa na barafu kubwa, na makaa ya mawe ya Lukuga na ya Luena yalikuja baada ya barafu hiyo kuyeyuka. Yaani ukoo wa Dimetrodon ulipokuwa unaanza kuota jua kule, Katanga ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

Na mawe ya upande wa Likasi, haya ya shaba na kobalti, ni ya zamani zaidi tena: yana zaidi ya miaka milioni 500. Yalipokuwa matope chini ya bahari, hakukuwa na mnyama hata mmoja mwenye mifupa aliyetembea nchi kavu, popote duniani. Kwa hiyo sihitaji kuliona jiwe la jirani yako kusema si Dimetrodon. Akilitoa kweli kwenye shimo lile, haliwezi kuwa.

Linaweza kuwa nini? Kwa maelezo yako nafikiria mambo matatu. Inaweza kuwa manganizi iliyopita kwenye ufa wa jiwe na kuchora matawi meusi. Hiyo inafanana sana na jani au mbavu, lakini iko juu ya uso wa ufa tu; ukitazama ubavuni mwa jiwe, mstari hauingii ndani. Inaweza kuwa mikwaruzo ya mawe mawili yaliyosuguana chini ya ardhi, mistari iliyonyooka, inayong'aa kidogo, yote ikielekea upande mmoja. Au inaweza kuwa stromatoliti, tabaka juu ya tabaka zilizojengwa na viumbe vidogo sana baharini. Wachimbaji wa kwetu wanazipita kila siku kwenye lile jiwe wanaloliita RSC, lililo kati ya tabaka mbili za madini. Hiyo ya mwisho ikiwa ndiyo, jirani yako ana kisukuku halisi, tena kizee kuliko Dimetrodon mara mbili na zaidi. Lakini si cha dola 150. Mfupa wa kweli, kwa kulinganisha, una vitundu vidogo sana ukiutazama pale ulipovunjika, na una umbo linaloendelea ndani ya jiwe.

Usimwite jirani mwongo. Anaweza kuwa anaamini anachouza. Mwombe akupe nafasi ya kulionyesha kwanza kwenye idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au uulize kwenye Makumbusho ya Taifa hapo mjini. Nenda na picha za pande zote, pamoja na sarafu au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, na jina la mahali lilipotoka. Bila mahali, jiwe zuri namna gani hupoteza nusu ya habari yake. Akikataa lisionyeshwe, umepata jibu lako.

Jambo moja usilichukue kwa wepesi: baadhi ya mawe ya ukanda huu yana urani. Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, iko upande huohuo wa Likasi. Kama jiwe ni zito kupita kawaida, au lina unga wa njano au wa kijani kali, lisilale ndani ya nyumba, mtoto asilishike, na aliyelishika anawe mikono. Hapo usisubiri jibu langu, peleka habari chuoni wakalipime.

Kwa upande wa masomo, nisingekwenda kumgombeza mwalimu mbele ya watoto. Amefundisha jambo ambalo walimu wengi hawalijui, na hilo ni la kushukuru, hata kama sifuri naiona kali kwa mtoto aliyedanganywa na mfuko. Mpelekee mchoro mpya, Ouranosaurus au Spinosaurus, na ule wa zamani ukiwa umeandikwa chini yake jina sahihi: Dimetrodon, sinapsida. Mwombe atazame yote mawili pamoja. Na papa ya mtoto, kabla hajakwenda huko, mpe naye muhindi wa kuchoma, aweke vidole kwenye panja.